Tunu za Jeshi la Wokovu: Maana Yake, na Jinsi Zinavyopimwa Mgulani, Temeke

Neno tunu ni la zamani katika Kiswahili. Maana yake ya kwanza ni kitu cha thamani kisichopatikana kila siku, hasa kile aletewacho mtu kuwa zawadi: msafiri akirudi huwaletea wa nyumbani tunu. Neno hili lina ndugu zake, yaani kutunuka, maana yake kukitamani kitu kwa moyo wote, na kutunukia, maana yake kumpa mtu kitu kwa kumheshimu. Katika miaka yetu hii neno limepata kazi mpya. Rasimu ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 2013 ilitaja tunu za taifa, na miongoni mwake zilikuwamo utu, uadilifu na lugha ya taifa. Vyama vya dini navyo vimelipokea neno; leo ukipita katika mitaa ya Kinondoni na Temeke, utaona ofisi nyingi zimeandika ukutani tunu zinazoongoza kazi zao.

Matumizi haya mapya ni mazuri, walakini yana hatari yake. Zawadi iliyofungiwa sandukuni haimfai aliyeletewa, na tunu iliyoandikwa ukutani asitunukiwe mtu bado haijawa tunu. Basi atakaye kujua tunu za misioni yo yote asianzie ukutani. Aanzie katika habari zake za zamani, aulize: chama hiki kilimpa nani, kitu gani, na kwa gharama gani? Katika makala haya twajaribu kuuliza hivyo juu ya chama kimoja, Jeshi la Wokovu, ambalo makao yake makuu ya Tanzania yako Mgulani, kando ya Barabara ya Kilwa, katika Temeke.

Asili ya Jeshi hilo ni London, mwaka 1865. William Booth, aliyekuwa mhubiri wa Kimethodisti, na mkewe Catherine walianza kuhubiri katika mitaa ya mashariki ya mji ule, mahali pa wachukuzi wa bandari na vibarua ambao makanisa makubwa hayakuwazoea. Mwaka 1878 kazi hiyo ilipewa jina la Jeshi la Wokovu, na viongozi wake wakaitwa kwa vyeo vya askari. Kenya lilifika mwaka 1921. Tanganyika lilifika mwaka 1933, pale Francis Dare na mkewe walipoanza kazi Tabora. Mwaka 1950 gavana wa wakati ule wa ukoloni aliomba Jeshi limsaidie, nalo likaanzisha kambi ya Mgulani. Na hapo ndipo yalipo makao makuu hata leo. Tangu mwaka 1998 Tanzania imekuwa na uongozi wake, na mwaka 2008 ilipandishwa daraja ikawa sawa na nchi nyingine zenye kazi kubwa ya Jeshi.

Kabla ya kuzitazama tunu zenyewe, yafaa tulitazame jina, kwa maana jina hili si jepesi kwa msikilizaji wa nchi hizi. Jeshi ni watu wenye silaha. Wazee waliosikia habari za vita vya Maji Maji, vya mwaka 1905 hata 1907, na za wapagazi waliochukuliwa kwa nguvu katika Vita Kuu ya Kwanza, hawakuwa na sababu ya kulipenda neno hilo. Hata hivyo watu wa pwani walikuwa wamekwisha kuona majeshi ya namna nyingine. Ngoma ya beni, pamoja na vyama vyake vya Marini na Arinoti, ilikuwa na sare, tarumbeta, gwaride na vyeo. Wala haikuwa mchezo mtupu, kwa kuwa wanachama walisaidiana katika ugonjwa na mazishi. Baada ya vita ile beni ilienea mpaka bara. Basi mtu wa Dar es Salaam alipoona watu wamevaa sare, wakipiga ngoma na tarumbeta, na wakiitana Kapteni na Meja, aliweza kufahamu mara moja kwamba cheo hapa ni njia ya kugawana kazi, na kwamba jeshi laweza kuwa chama cha kutunzana. Hata sasa pale Mgulani majeshi mawili ni majirani, yaani Jeshi la Wokovu na kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa, lile lililoanzishwa mwaka 1963 ili vijana wajifunze kazi na kulitumikia taifa.

Tukiyatazama matendo ya Jeshi la Wokovu tangu mwanzo wake, twaona tunu nne zilizo kubwa kuliko nyingine.

Tunu ya kwanza ni kumtazama mtu mzima, mwili wake na roho yake pamoja. Tangu zamani watu wa Jeshi hufupisha kazi yao kwa mambo matatu: supu, sabuni na wokovu. Mpangilio wake una maana. Mwenye njaa hasikii hotuba, na mwenye uchafu huona haya kuingia katika mkutano wa watu. Basi alishwe kwanza, apate kuoga, ndipo azungumze na mwenzake akiwa ameinua uso. Pamoja na hayo kuna kanuni ya Jeshi duniani kote, kwamba haja za watu zitimizwe bila ubaguzi. Katika Temeke kanuni hiyo ina uzito wake. Barabara ya Kilwa ndiyo njia waliyoingilia mjini Wandengereko, Wamatumbi na watu wengine wa kusini, nao Wazaramo ndio wenyeji. Na wengi wao ni Waislamu. Misioni inayokaa mahali kama hapo ikimwuliza mgonjwa dini yake kabla ya kumpa maji, imekwisha kuivunja tunu yake mlangoni.

Tunu ya pili ni heshima ya kazi. Mwaka 1890 Booth alitoa kitabu juu ya maskini wa Uingereza, na ndani yake alitumia mfano uliojulikana sana baadaye, yaani farasi wa kuvuta magari ya abiria London. Farasi huyo akianguka barabarani, watu humwinua wala hawakai kumwuliza kosa lake. Na maadamu yu hai hupewa mahali pa kulala, chakula na kazi. Booth alisema kwamba maelfu ya wanadamu katika mji ule hawakupata hata haki ya farasi. Mwaka uliofuata, 1891, Jeshi lilifungua kiwanda cha viberiti mashariki ya London. Wakati ule viwanda vingi vilitumia fosforasi nyeupe, dawa iliyooza mifupa ya taya za wafanyakazi. Kiwanda cha Jeshi kilitumia fosforasi nyekundu isiyo na madhara hayo, kikalipa pensi 4 kwa kila gurosi ya visanduku, ambapo wengine walilipa pensi 2 na kitu. Viberiti vyake viliuzwa ghali zaidi, lakini mnunuzi alijua kwamba hakuna taya la mtu lililooza kwa ajili ya moto wake. Hata mwaka 1908 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuikataza fosforasi nyeupe katika viberiti.

Jambo hili si geni kwa Waswahili. Methali yasema: Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Watu wengine huidhani kuwa methali ya ubahili, kana kwamba mwenyeji amechoka na mgeni wake. Tukiitazama vizuri, twaona kwamba jembe ni alama ya kupokelewa. Anayepewa jembe amepewa pia mahali pa kulima; amekwisha kuwa mtu wa nyumba hiyo, naye ana haki ya kula mavuno pamoja nao. Mgeni wa siku mbili hula cha wenyewe. Mgeni mwenye jembe hula chake.

Sasa tulinganishe methali hiyo na jinsi mji ulivyowatendea maskini wake. Dar es Salaam ilikuwa na watu 69,000 hivi katika hesabu ya mwaka 1948, na mwaka 1957 wakawa karibu 129,000. Serikali ilijenga nyumba za wafanyakazi Ilala, Temeke, Magomeni na Kinondoni, lakini waliokuja walikuwa wengi kuliko nyumba na wengi kuliko kazi. Asiye na kazi aliitwa mhuni, neno ambalo kwa asili ni mtu asiye na nyumba wala ndoa, anayetangatanga bila wa kumdhamini. Sheria ya mwaka 1923 ilikuwa imempa hakimu uwezo wa kumrudisha kwao mtu aliyeonekana mjini bila riziki. Wala desturi hiyo haikwisha pamoja na ukoloni, kwa maana mwaka 1983, kwa Sheria ya Nguvu Kazi, watu wasio na kazi maalum walikamatwa mjini wakapelekwa mashambani. Sheria hizo nazo zilitaja jembe. Tofauti ni kwamba methali humpa mgeni jembe hapa alipo, na sheria humwambia akalitafute mbali, nasi tusimwone tena.

Hapo ndipo tunu ya heshima ya kazi hupimwa. Kambi iliyoanzishwa Mgulani kwa ombi la gavana ingaliweza kuwa chombo tu cha kuuondolea mji watu wasiopendeza macho. Lazima tuliseme wazi jambo hili, maana mwenye kuitwa na serikali huhesabiwa kuwa mtu wa serikali, na mji humshukuru kwa kuwa amewaficha maskini, hata kama yeye amewapokea kwa nia ya kuwainua. Kuficha na kuinua huonekana sawasawa mwanzoni, kwa sababu katika hali zote mbili mtu ameondolewa barabarani. Tofauti huonekana baadaye, tunapouliza mtu huyo alitoka na nini mkononi.

Lakini methali ya jembe ina shida yake pia. Je, asiyeweza kulima? Mtoto aliyezaliwa na miguu isiyosimama, au aliyepooza kwa ugonjwa, atapewa nini siku ya tatu? Zamani jibu la mji lilikuwa sadaka. Wenyeji wa Dar es Salaam wanaijua desturi ya Ijumaa, ombaomba wanapopita duka kwa duka, na kila mwenye duka ameweka sarafu tayari. Kutoa sadaka ni jambo jema, nasi hatuwezi kulilaumu. Ila ombaomba ni neno linalorudia tendo moja mara mbili, na ndiyo maisha yenyewe: kuomba leo, na kuomba tena kesho, bila siku ya tatu kufika.

Lugha nayo ilisaidia kumweka mtu huyo mahali pake. Twasema kipofu, kiziwi, kiwete, kilema, na maneno haya yote yana ki- mwanzoni. Wengine husema kwamba hiyo ndiyo dharau, ya kumhesabu mtu kuwa kitu. Hoja hiyo haitoshi, kwa kuwa hata kijana, kinyozi na kiongozi wana ki-, wala hakuna anayemdharau kiongozi kwa sababu ya herufi mbili. Tena twasema kipofu amekuja, kwa kiambishi kile kile cha mtu. Kisa chenyewe ni kingine. Kilema kwanza ni hitilafu iliyo mwilini: twasema, ana kilema cha mguu. Baadaye jina la hitilafu likawa jina la mtu mwenyewe, hata mguu mmoja ukawameza mikono miwili, macho, akili na jina alilopewa na baba yake. Usemi wa siku hizi, mtu mwenye ulemavu, unaotumika katika Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, ni mrefu zaidi, na watu wengine huuona mzito. Faida yake ni kwamba unamtanguliza mtu, na ulemavu unafuata nyuma. Methali nayo hutuonya tangu zamani: Hujafa hujaumbika. Maana yake, umbo lako halijakwisha kufanywa maadamu u hai. Yaliyompata mwenzako yaweza kukupata nawe.

Mwaka 1967 Jeshi la Wokovu lilianzisha Mgulani shule ya Matumaini, kwa ajili ya watoto wenye ulemavu wa viungo. Mwaka huo ndio wa Azimio la Arusha, ambapo nchi nzima ilizungumza habari za kujitegemea na kazi. Ni rahisi kusema kujitegemea mbele ya watu wenye mikono na miguu mizima. Shule hii iliuliza neno hilo lina maana gani kwa mtoto atembeaye kwa magongo, na jibu lake ni kitabu na kalamu. Kwa mtoto huyo, hilo ndilo jembe lake la siku ya tatu. Anayeweza kusoma, kuhesabu na kuandika aweza kukaa katika ofisi, katika duka, au katika darasa la kufundishia wengine, na siku ya Ijumaa naye akawa upande wa wenye kutoa.

Tunu ya tatu ni usawa wa mwanamke na mwanamume katika utumishi. Catherine Booth aliandika kijitabu mwaka 1859, kabla Jeshi halijazaliwa, akitetea haki ya wanawake kuhubiri. Tangu siku za mwanzo Jeshi liliwapa wanawake vyeo na mamlaka, na mwaka 1934 binti yao, Evangeline, alichaguliwa kuwa Jenerali, yaani mkuu wa Jeshi duniani kote. Kwa upande wa lugha, Kiswahili hakikuweka kizuizi cho chote. Mtumishi, mwalimu, mhubiri na mkuu ni maneno yasiyotambulisha mume wala mke, na yeye ni yeye. Kizuizi kilikuwa katika desturi, kwa kuwa mahali pengi mke wa mtu wa dini alijulikana kwa kazi ya mumewe. Katika Jeshi, mume na mke wote wawili husomea utumishi na wote wawili hupewa cheo. Basi mwanamke wa Temeke mwenye shida asiyoweza kumweleza mwanamume humkuta ofisa mwenzake mwanamke, mwenye uwezo wa kuamua.

Tunu ya nne ni amana. Kila kazi kama hii hula fedha, na asili ya fedha hizo yafaa ijulikane. Mwaka 1886, katika mkutano wa kuchangia, ofisa mmoja aitwaye John Carleton hakuwa na fedha za kutoa. Aliahidi kuacha kula kitamutamu cha baada ya chakula kwa mwaka mzima, akahesabu kwamba ataokoa shilingi 50 za Kiingereza. Booth hakutaka watu waharibu afya zao kwa mwaka mzima, lakini wazo lilimpendeza. Akawaomba wote wajinyime kitu fulani kwa muda wa juma moja. Ndiyo asili ya mchango wa kujinyima, unaokusanywa hata leo kila mwaka. Waswahili husema, Kutoa ni moyo, si utajiri. Na hapa lazima tuongeze kwamba kupokea nako ni amana. Shilingi iliyotoka katika mfuko wa tajiri huenda isikumbukwe. Shilingi iliyotoka katika sahani ya mtu aliyejinyima ina macho, na mwenye kuitumia vibaya Mgulani amemwibia mtu chakula chake. Katika desturi ya pwani amana haichanganywi na mali ya mwenye kuiweka, wala haitumiwi bila idhini, na mwenyewe akija hurudishiwa ilivyo. Neno hili basi ni zito kuliko uaminifu wa jumla. Ndani yake mna mwenye mali ambaye yuko hai naye ataulizia.

Tukizikusanya tunu hizi nne, twaona kwamba zote zaelekea mahali pamoja. Supu bila kazi humfanya mtu mgeni wa siku zote. Kazi bila supu humwangusha kabla hajafika shambani. Vyote viwili bila usawa humwacha mwanamke nje ya mlango, na bila amana havidumu hata mwaka. Lengo ni mtu asimame mwenyewe, awe na mahali pake miongoni mwa watu wake.

Mji umekua sana tangu siku za kambi ile. Hesabu ya mwaka 2022 ilionyesha kwamba Mkoa wa Dar es Salaam una watu zaidi ya milioni 5.3, na nyumba zimeifuata Barabara ya Kilwa kupita Mtoni mpaka Mbagala na mbele yake. Maskini hawajakwisha, na vyama vya kuwasaidia vimeongezeka, kila kimoja na tunu zake. Kwa msomaji anayetaka kuvipima, awe Mkristo au Mwislamu, mwenye kutoa au mwenye kupokea, kuna njia isiyohitaji elimu kubwa. Asome kwanza yaliyoandikwa ukutani. Kisha aende mlangoni, atazame jinsi mtu asiye na kitu anavyoitwa: kwa jina lake, au kwa jina la shida yake? Mwisho aulize juu ya walioingia humo miaka iliyopita, wako wapi leo, na wanashika jembe gani.